Lloyd George: Ahadi na Sheria

Mtawala huhukumiwa kwa njia mbili. Walio hai katika siku zake humhukumu kwa maneno yake, kwa sababu maneno ndiyo yanayowafikia kwanza. Waliozaliwa baada yake humhukumu kwa mambo aliyoyaacha yakisimama. Mara nyingi hukumu hizi mbili hazipatani. Miongoni mwa wakuu wa serikali ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko wa David Lloyd George, aliyekuwa Waziri wa Fedha tangu mwaka 1908 mpaka 1915, na Waziri Mkuu tangu mwaka 1916 mpaka 1922. Alipotoka katika madaraka, watu wa vyama vyote walisema kwamba neno lake haliaminiki. Hata hivyo, mzee wa Kiingereza apokeaye leo malipo ya uzeeni, na mgonjwa atibiwaye pasipo kudaiwa fedha mlangoni, wote wamekaa katika kivuli cha mti ambao yeye alikuwa mmoja wa wapandaji wake. Shabaha ya insha hii ni kutazama jinsi mambo hayo mawili yalivyoweza kuwa ya mtu mmoja.

Alizaliwa Manchester tarehe 17 Januari, 1863, lakini hakukulia huko. Baba yake, William George, alikuwa mwalimu wa shule. Alifariki mwaka 1864, na mjane wake akarudi Wales na watoto wake, katika kijiji cha Llanystumdwy, kwa kaka yake aitwaye Richard Lloyd. Mjomba huyu alikuwa mshona viatu siku za kazi, na siku ya Jumapili alikuwa mhubiri. Mali hakuwa nayo, ila alikuwa na vitabu na subira. Mpwa wake alipotaka kuwa wakili, mshona viatu huyo alijitahidi kujifunza Kifaransa na Kilatini apate kumsaidia katika masomo ya mtihani. Lugha ya nyumba ile ilikuwa Kiwelisi, na kijana alijifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Jina la Lloyd alilolibeba maisha yake yote lilikuwa jina la mjomba aliyemlea.

Wales ya siku zile ilikuwa nchi ya watu wa namna mbili. Ardhi ilikuwa mikononi mwa mabwana wachache, ambao wengi wao walisema Kiingereza na kusali katika Kanisa la Kiingereza, ndilo kanisa la serikali. Wakulima, wachimba mawe na mafundi walisema Kiwelisi na kusali katika makanisa yao madogo. Lakini zaka walilazimishwa kuitoa kwa kanisa lisilokuwa lao. Hata makaburini walitengwa. Sheria ya mwaka 1880 iliwaruhusu kuzikana kwa ibada zao wenyewe katika viwanja vya kanisa la serikali, lakini sheria ni jambo moja na ufunguo wa lango ni jambo jingine.

Mwaka 1888, katika kijiji cha Llanfrothen, mzee mmoja mchimba mawe aliusia azikwe karibu na binti yake. Kasisi wa mahali pale alikataa kuruhusu ibada ya kanisa la marehemu. Jamaa zake wakaenda kwa wakili kijana, Lloyd George. Yeye akazisoma hati za uwanja ule, akaona kwamba haki ni yao, akawaambia wavunje lango wamzike maiti wao. Kasisi akashitaki. Mahakama ya wilaya ilitoa hukumu juu yao ijapokuwa wazee wa baraza waliona vingine. Shauri likapelekwa London kwa rufani, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule Jaji Mkuu akawapa haki jamaa za marehemu. Kesi hii ilimfanya wakili yule ajulikane Wales nzima. Nayo ilimfunza somo ambalo halikumtoka katika siku zake bora: kwamba manung'uniko ya maskini hayana nguvu mpaka yapate kifungu cha sheria cha kushikia, na kwamba kifungu kikipatikana, hata bwana mkubwa hupisha njia.

Aprili 1890 alichaguliwa kuingia Bungeni kwa mji wa Caernarfon na miji jirani, katika Chama cha Liberali. Alishinda kwa kura 18 tu. Kiti hicho alikikalia mpaka mwaka 1945, yaani karibu miaka 55. Katika miaka ya kwanza alijulikana kuwa msemaji mkali wa Wales. Kilichomtoa nje ya mipaka ya Wales kilikuwa vita vya Makaburu, vilivyoanza mwaka 1899. Wakati ambapo taifa zima lilikuwa likipiga ngoma za ushindi, yeye alisema kwamba vita vile si vya haki. Tarehe 18 Desemba, 1901, alikwenda kuhutubu Birmingham, mji wa Joseph Chamberlain, aliyekuwa Waziri wa Makoloni. Umati mkubwa uliuvamia ukumbi na kuvunja madirisha, hata ikambidi atoroke amevaa nguo za polisi. Siku ile hakuna aliyeweza kumwita mtu wa kugeuka na upepo.

Waliberali walipoingia madarakani mwishoni mwa mwaka 1905 alipewa Wizara ya Biashara, na mwaka 1908, Herbert Asquith alipokuwa Waziri Mkuu, Lloyd George akawa Waziri wa Fedha. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuupitisha Bungeni mswada wa malipo ya uzeeni, ambao Asquith mwenyewe alikwisha kuutayarisha. Kwa sheria ile, mtu aliyetimiza miaka 70, ambaye pato lake halikuzidi pauni 21 kwa mwaka, alipewa shilingi 5 kila juma. Aliyekuwa na zaidi kidogo alipunguziwa. Malipo yalianza tarehe 1 Januari, 1909. Shilingi tano hazikuwa fedha nyingi hata katika siku zile, na miaka 70 ilikuwa umri ambao maskini wengi hawakuufikia. Lakini jambo kubwa halikuwa kiasi. Zamani mzee asiyekuwa na mtu wa kumtunza alikuwa na njia moja ya kuishi, nayo ni kuomba msaada wa maskini, na pengine kuingia katika nyumba ya maskini, mahali palipofanywa pachukize kwa makusudi ili watu wapaogope. Sasa alikwenda posta na kitabu chake, akahesabiwa fedha zake, akarudi nyumbani. Sadaka ilikuwa imegeuka haki.

Haki hiyo ilihitaji fedha, na manowari mpya zilizotakiwa kushindana na Wajerumani zilihitaji fedha vile vile. Hazina ilikuwa na upungufu wa pauni milioni 16 hivi. Tarehe 29 Aprili, 1909, Lloyd George alisimama Bungeni kusoma makadirio ya mapato na matumizi ambayo yaliitwa na watu Bajeti ya Wananchi. Aliongeza kodi juu ya mapato makubwa. Akaweka kodi ya ziada kwa wenye pato la zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka. Akaongeza kodi ya mirathi, ya pombe kali na ya tumbaku. Na jambo lililowaudhi matajiri kuliko yote, akataka sehemu moja katika tano ya faida ya ardhi iliyopanda bei bila ya jasho la mwenyewe. Katika hotuba zake za Limehouse na Newcastle mwaka ule aliwafanyia mzaha malodi, akisema kuwa gharama ya kumtunza lodi mmoja mkubwa ni sawa na ya manowari mbili, na lodi huishi siku nyingi zaidi.

Bunge la Uingereza lina mabaraza mawili. La chini ni la wajumbe wanaochaguliwa kwa kura. La juu ni la Malodi, ambalo wakati ule karibu wote waliokuwamo walikalia viti vya urithi. Ilikuwa desturi ya zamani kwamba Malodi hawaigusi sheria ya fedha. Tarehe 30 Novemba, 1909, waliivunja desturi hiyo, wakaikataa Bajeti kwa kura 350 dhidi ya 75. Hapo ugomvi wa kodi ukawa ugomvi wa nani mwenye nchi. Uchaguzi ulifanywa mara mbili katika mwaka 1910, Januari na Desemba, na mara zote mbili Waliberali na Wahafidhina walikaribia kulingana, hata serikali ikategemea kura za Waairishi. Bajeti ilipita Aprili 1910. Mwaka 1911 ikaja Sheria ya Bunge, iliyowaondolea Malodi uwezo wa kuzuia sheria ya fedha, na kuwaachia uwezo wa kuzichelewesha nyingine kwa miaka miwili tu. Mfalme alikuwa ameahidi kuunda malodi wapya kwa mamia ikiwa lazima. Kwa kuogopa hilo waliikubali kwa kura 131 dhidi ya 114. Kodi za ardhi zenyewe zilileta fedha kidogo sana, na serikali ya Lloyd George mwenyewe ikazifuta mwaka 1920. Lakini mipaka iliyowekewa Baraza la Malodi imebaki, na mwaka 1949 ilikazwa zaidi.

Mwezi wa Agosti 1908 alikuwa amesafiri hadi Ujerumani kuiona bima ya wafanyakazi iliyoanzishwa huko katika siku za Bismarck. Matunda ya safari ile yalikuwa Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911. Kwa bima ya ugonjwa, mfanyakazi mwanamume alikatwa peni 4 kila juma, mwajiri akatoa peni 3, na serikali peni 2. Alipougua alipata daktari pamoja na shilingi 10 kwa juma, na mkewe alipojifungua walipewa shilingi 30. Sehemu ya pili ya sheria ilitoa bima ya kukosa kazi kwa watu wa kazi chache, kama vile ujenzi na uundaji wa meli. Upinzani ulitoka kila upande: madaktari waliogopa kugeuzwa watumishi wa serikali, mabibi wa nyumba kubwa walikataa kubandika stempu kwa ajili ya watumishi wao, na baadhi ya wafanyakazi walichukia kukatwa mshahara. Waziri alizungumza na kila kundi, akampa huyu hiki na yule kile, mpaka sheria ikasimama. Ilikuwa na upungufu ulio dhahiri: mke na watoto wa mfanyakazi hawakupata daktari, wala gharama za hospitali hazikulipwa, isipokuwa kwa wenye kifua kikuu. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, na mwaka 1920 bima ya kukosa kazi ikaenezwa kwa wafanyakazi wapatao milioni 11.

Hapo ndipo ubora wake ulipoonekana kwa ukamilifu. Katika sheria hizi alitoa ahadi, akaifungia ndani ya vifungu, akaitafutia fedha, akaiwekea karani wa kuitimiza. Ahadi ya namna hiyo haihitaji tena uaminifu wa aliyeitoa. Ilivyokuwa bahati mbaya, ustadi wa kumridhisha kila mtu kwa maneno, uliomfaa sana katika kupitisha sheria, ulikuwa na upande wa pili. Mwaka 1913 ilijulikana kwamba yeye na mawaziri wenzake wawili walikuwa wamenunua hisa za kampuni ya Marconi ya Marekani, wakati serikali ilipokuwa ikifanya mkataba na kampuni ya Marconi ya Uingereza, na Bungeni walikuwa wamejibu kwa maneno ya kweli nusu. Chama kilimwokoa, na Asquith hakumwacha. Deni hilo hakulilipa.

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwaka 1914 mpinzani wa vita vya Makaburu aliunga mkono kupigana, kwa sababu ya kuvamiwa kwa Ubelgiji. Mei 1915, jeshi lilipokuwa halina makombora ya kutosha, alipewa Wizara mpya ya Silaha. Aliwaingiza wenye viwanda katika ofisi za serikali, akajenga viwanda vya taifa, akapatana na vyama vya wafanyakazi, na wanawake wakaingia viwandani kwa mamia ya maelfu. Mwezi wa Desemba 1916, kwa msaada wa Wahafidhina, alimwondoa Asquith akawa Waziri Mkuu. Aliunda baraza dogo la vita la watu watano, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Uingereza akamweka katibu, Maurice Hankey, wa kuandika maamuzi ya mawaziri na kufuatia kama yametekelezwa. Ofisi hiyo ya katibu ipo hata leo. Katika mambo ya jeshi nguvu zake zilikuwa pungufu kuliko alivyopenda kukumbukwa. Hakuyaamini mashambulio ya Passchendaele ya mwaka 1917, ambayo yaliangamiza watu wengi mno, wala hakuthubutu kuyakataza. Kisha katika kumbukumbu zake akawatupia majenerali lawama yote.

Vita vilimpa ushindi na vikamwondolea nyumba. Mei 1918 Jenerali Maurice aliandika magazetini kwamba Waziri Mkuu alilidanganya Bunge juu ya idadi ya askari waliokuwa Ufaransa. Katika kura iliyopigwa tarehe 9 Mei serikali ilishinda kwa 293 dhidi ya 106, lakini Waliberali karibu 100 walipiga kura kinyume chake. Mwaka ule sheria mpya iliwapa kura wanaume wote waliotimiza miaka 21 na wanawake wengi waliotimiza miaka 30, hata wapiga kura wakaongezeka kutoka milioni 8 hivi mpaka zaidi ya milioni 21. Uchaguzi ulipofanywa tarehe 14 Desemba, Lloyd George na wakuu wa Wahafidhina walitoa barua za kuwatambulisha wagombea waliowataka. Waliberali wengi wa Asquith hawakupewa barua hiyo, na Asquith mwenyewe alipoteza kiti. Muungano ulipata ushindi mkubwa mno; lakini wengi wa wabunge wake walikuwa Wahafidhina. Waziri Mkuu alikuwa juu ya nyumba ya watu wengine, na wenyewe wangeweza kumtoa siku yoyote.

Katika uchaguzi huo ahadi zilitolewa bila ya kupimwa. Askari waliambiwa kwamba nchi yao itakuwa mahali panapowastahili mashujaa. Taifa liliambiwa kuwa Ujerumani italipa gharama za vita. Ahadi ya kwanza iliingia katika sheria ya nyumba ya mwaka 1919, ambayo kwayo halmashauri za miji zilijenga nyumba zaidi ya laki moja na nusu. Lakini biashara ilipoanguka fedha zilikatwa mwaka 1921, na waziri wa nyumba, Christopher Addison, akatolewa mhanga. Ahadi ya pili ilimfuata hadi Paris. Huko, mwezi wa Machi 1919, aliandika waraka wenye hekima nyingi, akionya kwamba amani ya kisasi itazaa vita vingine, na kwamba si busara kuwaweka Wajerumani kwa mamilioni chini ya serikali za wengine. Walakini wapiga kura waliokwisha kuambiwa kwamba adui atalipa hawakuwa tayari kuusikia waraka ule. Mkataba wa Versailles uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni, 1919, ulikuwa mpole kuliko alivyotaka Clemenceau wa Ufaransa, na mkali kuliko alivyojua Lloyd George kwamba inafaa.

Ahadi nyingine ya siku zile iliwahusu watu wa mbali, wasiokuwa na kura yoyote Uingereza. Tarehe 5 Januari, 1918, akiwahutubia wajumbe wa vyama vya wafanyakazi mjini London, Lloyd George alitangaza kwamba makoloni ya Ujerumani yataamuliwa na mkutano wa mataifa, ambao hauna budi kutanguliza matakwa na maslahi ya wenyeji. Akasema kuwa wakuu na mabaraza ya makabila wanaweza kuulizwa. Wakati maneno hayo yakisemwa, vita vilikuwa bado vikiendelea Afrika ya Mashariki. Makumi ya maelfu ya wapagazi waliochukuliwa kubeba mizigo ya majeshi walikuwa wamekufa kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam, lililotokana na jeshi hilo la wapagazi, ni kumbukumbu yao. Mkutano ulipokaa Paris hapakuwa na mjumbe wao. Serikali ya Uingereza ilikuwa imechapa maoni ya wenyeji wachache waliohojiwa na maofisa wake, na hayo yakatumiwa kama ushahidi. Tarehe 7 Mei, 1919, wakuu wa mataifa walioshinda waliigawia Uingereza Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Wabelgiji waliponung'unika, Lodi Milner alipatana na mjumbe wao, Pierre Orts, na Ruanda na Urundi zikaenda kwa Ubelgiji. Mpaka wao uliikata hata nchi ya Gisaka kutoka Ruanda, ikabidi urekebishwe baada ya miaka michache. Sehemu kubwa iliyobaki ikaitwa Tanganyika, chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa.

Haifai kusema kwamba hotuba ya Januari 1918 haikuzaa kitu. Udhamini ulikuwa na hati, na hati ilisema kwamba nchi ile si mali ya Uingereza bali imewekwa mikononi mwake kwa faida ya wenyeji. Baada ya Vita Kuu ya Pili hati hiyo ilirithiwa na Umoja wa Mataifa, na mwaka 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York kuidai maana yake. Yaani, hapa pia, kilichosemwa kwa mdomo kiliachwa, na kilichoandikwa kilipata mwenye kukishika.

Ireland ilimjaribu kwa namna nyingine. Wakati wa vita alikwisha kuwapa Waairishi wa kusini na wale wa Ulster maneno mawili yaliyopingana juu ya kugawanywa kwa nchi. Mwaka 1920 serikali yake ilipeleka askari polisi walioitwa Black and Tans, ambao walilipiza kisasi kwa kuchoma nyumba na miji, na Waziri Mkuu akawatetea. Mwaka uliofuata aligeuka, akafanya suluhu, na tarehe 6 Desemba, 1921, baada ya kuwatisha wajumbe wa Ireland kwa vita vya haraka, alipata sahihi zao katika mkataba uliounda Dola Huru ya Ireland. Ugomvi uliowashinda Mawaziri Wakuu wengi ulipata ufumbuzi, walau kwa sehemu kubwa ya kisiwa. Alipita palipowashinda wengine. Lakini kila upande uliondoka ukiamini kwamba umedanganywa.

Mwisho ulikuja mwaka 1922. Ilikuwa imejulikana kwamba vyeo vya heshima, hata ulodi, vinauzwa kwa matajiri ili kuujaza mfuko wake mwenyewe wa siasa, kwa kuwa hakuwa na chama cha kumchangia. Kuuza vyeo hakukuanza na yeye, lakini hapakuwa na aliyefanya hivyo waziwazi namna ile. Mwaka 1925 sheria ikatungwa ya kukataza. Kisha, Septemba 1922, aliisogeza nchi karibu na vita na Waturuki huko Chanak. Wabunge wa Wahafidhina walikutana tarehe 19 Oktoba katika klabu ya Carlton. Stanley Baldwin aliwaonya kwamba mtu huyu ni nguvu kubwa, na kwamba nguvu hiyo iliyokivunja Chama cha Liberali itakivunja na chao. Walipiga kura wakajitoa, na siku ile ile Lloyd George akajiuzulu. Alikuwa na umri wa miaka 59. Aliishi miaka 22 na zaidi baada ya hapo, wala hakupata tena kuwa waziri.

Haikuwa kwa kukosa akili. Mwaka 1929, akiwa kiongozi wa Waliberali waliokwisha kupungua, alitoa mpango wa kuondoa ukosefu wa kazi kwa kujenga barabara, nyumba na mitambo ya umeme kwa fedha za kukopa, na John Maynard Keynes aliuunga mkono. Wachumi wengi wa baadaye waliona kwamba mpango huo ulikuwa wa busara kuliko yote iliyotolewa katika uchaguzi ule. Wapiga kura waliwapa Waliberali viti 59 tu. Walioambiwa mwaka 1918 kwamba watapewa nchi ya mashujaa hawakutaka kuahidiwa tena na mdomo ule ule. Mwaka 1936 alimtembelea Hitler, akarudi akimsifu hadharani. Kosa hilo limeitia doa busara yake ya mwaka 1919. Mei 1940 alisaidia kumwangusha Neville Chamberlain kwa hotuba kali, lakini Churchill alipomwita katika serikali, alikataa. Mwanzoni mwa mwaka 1945 alipokea ulodi, yeye aliyewacheka malodi, na kabla hajakalia kiti chake katika baraza lao alifariki Llanystumdwy tarehe 26 Machi, akazikwa kando ya mto Dwyfor.

Inasemwa na wengine kwamba alikiua Chama cha Liberali. Hukumu hiyo ni nzito mno kwa mtu mmoja, kwani Chama cha Wafanyakazi kilikuwa kikikua, na Asquith naye alikuwa na sehemu yake katika ugomvi. Lakini ni kweli kwamba hakuna Mliberali aliyekuwa Waziri Mkuu baada yake. Wengine husema kwamba aliijenga Uingereza mpya. Hilo nalo lina mipaka: ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942, na huduma ya afya ya bure iliyoanzishwa mwaka 1948 na Aneurin Bevan, mwana mwingine wa Wales, zilikuwa kazi za watu wengine. Hata hivyo walijenga juu ya kiwanja kilichokwisha kusafishwa. Bima, stempu, kitabu cha posta, na lile wazo kwamba serikali ina wajibu kwa mgonjwa na mzee, vyote walivikuta mahali pake.

Waswahili husema kwamba ahadi ni deni. Lloyd George alikuwa mtu mwenye madeni mengi, na aliyalipa yale tu aliyojifunga kwayo kwa sheria. Kwa wale waliopata karatasi yenye kifungu na fedha nyuma yake, yaani mzee, mgonjwa na mfanyakazi asiye na kazi, alikuwa mkombozi kuliko wanasiasa wengi waliokuwa waaminifu kumliko. Kwa wale waliopata neno lake tu, yaani rafiki zake chamani, Waairishi, na watu wa nchi zilizogawanywa Paris, alikuwa mdeni asiyelipa. Wazao wao hawana sababu ya kumchukia wala ya kumtukuza. Wana sababu ya kuuliza, kila kiongozi anapoahidi jambo jema, limeandikwa wapi, fedha zake zitatoka wapi, na ni nani atakayeweza kulidai siku ambayo mwenyewe hayupo.